Siku Tatu za Mafunzo ya Kusuluhisha Ugomvi Kazini: Tathmini ya Msimamizi Mmoja wa Mombasa

Mwezi wa Februari nilihudhuria mafunzo ya siku 3 yaliyoandaliwa kwa wasimamizi na viongozi wa vikundi vya kazi, juu ya namna ya kukabili migogoro baina ya wafanyakazi bila ya kuizima kwa amri na bila ya kuiacha ikaoza yenyewe. Yalifanyika katika ukumbi mmoja wa Tudor, na ada yake ilikuwa shilingi 18,500 kwa kila mshiriki, ikiwa ni pamoja na chai, chakula cha mchana na nusu siku ya marejeo baada ya wiki 6. Nimengoja miezi 3 kabla ya kuandika, kwa sababu nilitaka kwanza nione yatanifaa nini siku ambayo watu wawili wa kikosi changu wameacha kusalimiana. Jina la waandaaji sitalitaja, kwani nina mazuri na makosa ya kueleza, na makosa nimeshawaeleza wenyewe ana kwa ana.

Kilichonipeleka huko ni jambo lililotokea ofisini kwetu mwishoni mwa mwaka jana. Sisi ni mawakala wa forodha, na mimi ninasimamia watu 9: wapo wanaoandaa hati na kuziingiza katika mfumo wa forodha, wapo wanaofuatilia mizigo Kilindini, na wapo wanaoshughulika na madereva na wateja. Katika mzigo mmoja wa vyombo vya jikoni, hati tuliyoiwasilisha ilisema makatoni 408, na kontena lilipofunguliwa kwa ukaguzi yakahesabiwa 480. Ni tarakimu mbili tu zilizopishana, lakini kuirekebisha hati kulichukua siku kadhaa, muda wa kuhifadhiwa bure ukapita, bandari ikatoza gharama zake, na kampuni ya meli ikadai zake kwa kontena kuchelewa kurudishwa. Binti anayeingiza hati alisema ameandika alichokiona kwenye karatasi aliyopewa. Mzee anayefuatilia mizigo, ambaye ana zaidi ya miaka 20 katika kazi hiyo, alisema karatasi yake iko wazi, na asiyeweza kusoma mwandiko wa mtu mzima hakukatazwa kuuliza.

Kufikia wiki ya pili walikuwa hawasemezani. Mafaili yalikuwa yakipita kwa kijana anayetuletea chai. Mzee alikuwa akiingia asubuhi anasalimu meza baada ya meza, kila mtu kwa jina lake, na akifika kwenye meza ya yule binti anageuka kama aliyekumbuka jambo. Binti naye alikuwa akiweka kwenye simu yake maneno ya mafumbo juu ya watu waliozeeka bila ya kukua, na ofisi nzima ilijua yanamwendea nani. Mimi nilifanya lile ambalo wasimamizi wengi hapa mjini hulifanya: niliwaita wote wawili mbele ya wenzao, nikawaambia sisi ni jamaa moja, nikawataka wapeane mikono yaishe. Mikono ikapeanwa. Kuanzia siku ile ugomvi ukawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa ulikuwa umekatazwa kusemwa.

Nilikwenda Tudor, basi, nikiwa na ugomvi huo kichwani, na nitayapima mafunzo haya kwa ugomvi huo.

Tulikuwa washiriki 22. Walikuwepo wasimamizi wa hoteli za Nyali na pwani ya kusini, wawili kutoka maghala ya Changamwe, mkuu wa wauguzi wa zahanati moja ya binafsi, mwalimu mkuu msaidizi, na kadhaa wa shughuli za bandari kama mimi. Mkufunzi alikuwa mtu wa makamo, mtulivu, anayesikiliza swali mpaka mwisho kabla ya kulijibu. Hilo nililiona mapema na lilinipa imani, kwa maana nimewahi kukaa katika semina ambazo mfundishaji wa kusikiliza ndiye asiyesikiliza.

Asubuhi ya kwanza yote ilitumika kwa hojaji ile maarufu iliyotungwa na Wamarekani Kenneth Thomas na Ralph Kilmann mwaka 1974. Ina jozi 30 za sentensi, nawe huchagua katika kila jozi ile inayokueleza zaidi, kisha majibu yako huhesabiwa ili kuonyesha unaelekea zaidi katika njia ipi kati ya 5 za kukabili mgogoro: kushindana, kushirikiana kutafuta suluhu, kila upande kupunguza, kukwepa, au kumwachia mwenzako. Jambo la msingi katika hojaji hiyo ni kwamba hakuna njia iliyo mbaya kila wakati. Moto ukizuka ghalani hakuna kikao, msimamizi anaamuru na watu wanatoka. Na mtu akija na hasira ya foleni ya feri ya Likoni, kumwachia nusu saa apoe ni busara. Haya yangeelezwa kwa saa 1. Yalichukua saa 3 na nusu, nyingi zikiwa za kujumlisha alama na kulinganisha michoro, na karatasi zenyewe zilikuwa kwa Kiingereza cha ofisi za Marekani, hata wawili katika meza yetu wakawa wanachagua kwa kubahatisha. Kwa mafunzo yanayohusu watu kutoelewana, nadhani karatasi ya kwanza kabisa ingepaswa kuwa katika lugha ambayo washiriki hugombana nayo.

Hata hivyo, hojaji ile ilizaa mjadala uliokuwa na thamani kubwa kuliko hojaji yenyewe. Wengi wetu tulipata alama za juu katika kukwepa. Mkufunzi alianza kutueleza kwamba kukwepa hurundika matatizo, na kwamba kiongozi mzuri huwazoesha watu wake kuambiana mambo waziwazi, uso kwa uso. Mama mmoja anayesimamia usafi wa vyumba katika hoteli akainua mkono, akasema: "Mwalimu, hapa kwetu ukimwendea mwenzio mbele ya watu ukamwambia umenifanyia hili na hili, hujamweleza, umemsuta." Ukumbi mzima ulikubali kwa sauti moja. Kila aliyekulia Mombasa anajua kusutwa ni nini: ni kuletewa maneno yako hadharani, mashahidi wakiwepo, ili uaibike, na aliyesutwa huweza kuibeba aibu hiyo miaka. Ndiyo maana watu wetu wakiudhika hunyamaza, hununa, hupiga vijembe, huvaa leso yenye maneno ya kumfikia mtu bila ya kumtaja. Jina la mlengwa halisemwi, na kwa sababu halisemwi, mlango wa kupatana unabaki wazi. Siku hizi leso imehamia kwenye simu, lakini ni jambo lilelile.

Mkufunzi hakujitetea. Aliuliza maswali kwa muda mrefu, akamtaka yule mama aeleze tofauti kati ya kumsuta mtu na kumsemeza, akaandika ubaoni maneno tuliyokuwa tukiyataja: kununiana, kinyongo, kijembe, fitina, kusutana, kusemezana, kuwekana sawa. Kisha akasema kwamba tangu hapo mafunzo yatafuata mpangilio mwingine, na kweli mchana ule ratiba ilibadilika. Nimeyaona mafunzo mengi ambayo ratiba ni amri. Kwa hilo peke yake ninampa mkufunzi alama zake zote.

Siku ya pili ndiyo moyo wa mafunzo, na kama siku ya kwanza na ya tatu zingefutwa, ada ingekuwa bado haijapotea. Tulifundishwa kwamba kiongozi asiwakutanishe wagomvi kabla ya kumsikiliza kila mmoja peke yake, tena mahali pasipo na wa kupita akachungulia. Katika mazungumzo hayo, kazi ya kiongozi ni kuuliza kilichotokea, siku gani, saa ngapi, nani alisema neno gani, na kuliacha kando swali la nani mkosa. Kisha kuyarudia maneno ya msemaji kwa ufupi mpaka msemaji mwenyewe akubali kwamba ameeleweka. Likisemwa hivi linaonekana jambo jepesi. Tulilifanyia mazoezi tukiwa watatu watatu, mmoja akisema, mmoja akisikiliza, na wa tatu akitazama na kuandika, na hapo ndipo nilipoona jinsi lilivyo gumu.

Aliyekuwa akisema mbele yangu ni msimamizi wa jikoni katika hoteli ya pwani ya kusini. Alinieleza juu ya wapishi wake wawili wanaogombania majiko ya upande wa dirishani kila jioni, saa ambayo wageni wanaanza kuingia. Kabla hajamaliza sentensi ya tatu nilikuwa nimeshampa suluhu mbili. Mtazamaji wetu, kijana mpole kutoka ghala la Changamwe, alinisomea aliyoyaandika: katika dakika 6 nilikuwa nimemkatiza mwenzangu mara 5, na mara 3 nilianza kwa kusema "la muhimu ni." Tulirudia. Safari hii nilijibana, nikamrudishia maneno yake: "Kwa hivyo unasema hawagombani siku za mchana, ni jioni tu." Akanyamaza kidogo, akafikiri, akasema: "Jioni tu. Na sasa nakumbuka, ni tangu lile jiko la nyuma liharibike bomba." Wapishi wake walikuwa wakigombania majiko yaliyobaki kwa sababu moja lilikuwa bovu kwa wiki 5, naye alikuwa ameshawaandikia onyo wote wawili.

Baada ya zoezi hilo mkufunzi alitueleza kisa cha Mary Parker Follett, Mmarekani ambaye mwaka 1925, katika mhadhara wake juu ya migogoro inayojenga, alitoa mfano wa chumba kidogo cha maktaba ya Chuo Kikuu cha Harvard. Mtu mmoja alitaka dirisha lifunguliwe, Follett alitaka lifungwe, na wakaishia kufungua dirisha la chumba cha pili kilichokuwa kitupu, kwa sababu mwenzake alitaka hewa tu, naye alichokuwa akikikimbia ni upepo wa kaskazini kumpiga moja kwa moja. Hakuna aliyeshindwa, na hakuna aliyepewa nusu ya alichotaka. Kisa hiki ni kikongwe, lakini kilikuja mahali pake, baada ya sisi wenyewe kuliona jiko la nyuma. Anachodai mtu na anachokihitaji huwa ni vitu viwili, na cha pili hakipatikani mpaka cha kwanza kisikilizwe hadi mwisho.

Upungufu mmoja wa siku hiyo ni mifano. Ukiondoa ile tuliyoileta sisi, yote ilitoka katika ofisi za ng'ambo, juu ya watu wanaogombania vyumba vya mikutano na miradi ya kompyuta. Mji huu una historia yake katika jambo hili. Januari ya 1947 Mombasa ilisimama kwa mgomo mkuu, na Chege Kibachia akawa sauti ya wafanyakazi waliokuwa hawana meza ya kusikilizwa. Machi ya 1955 wafanyakazi wa gatini waligoma tena, na Tom Mboya, aliyekuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, akafika kutoka Nairobi kushiriki mazungumzo yaliyoumaliza mgomo huo. Migomo ile ni mikubwa kuliko ugomvi wa meza mbili, nalijua hilo, lakini mshiriki wa Mombasa angejifunza mengi kwa kutazama jinsi malalamiko yaliyokosa pa kusemwa yanavyogeuka, na nimewashauri waandaaji walifikirie.

Siku ya tatu ilinitia wasiwasi. Katika kijitabu tulichopewa kulikuwa na orodha ya "migogoro ya kawaida kazini" inayofaa kusuluhishwa kwa kikao cha watu watatu, na katika orodha hiyo kulikuwa na mfanyakazi wa kike anayelalamika kwamba mkuu wake anamshika-shika na kumtumia ujumbe wa usiku. Nilisimama nikasema kwamba huu si ugomvi wa kupatanishwa. Kumkalisha mtu mbele ya anayemnyanyasa na kumtaka "aeleze anavyojisikia" ni kumdhuru mara ya pili. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inaueleza unyanyasaji wa kijinsia kazini na kumtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa ya kuukabili. Njia yake ni malalamiko rasmi, uchunguzi na hatua. Mkuu wa wauguzi aliniunga mkono kwa maneno makali zaidi ya yangu.

Mkufunzi alikaa kimya kitambo. Kisha alichukua kalamu, akakata mstari ule katika kijitabu chake mwenyewe, akatuomba nasi tuukate, akasema mbele ya wote kwamba lilikuwa kosa lao na kwamba nakala zijazo hazitakuwa nao. Sikuhisi kwamba amenishinda wala kwamba nimemshinda. Nilikuwa nimekuja kujifunza namna ya kupokea upinzani, na somo lilikuwa likifanyika mbele ya macho yangu. Kosa lenyewe, hata hivyo, ni zito. Kijitabu kile kimetumika kwa watu waliotutangulia, na wapo huenda walioondoka nacho wakiamini kwamba kila kitu kinaweza kumalizwa kwa chai na mkeka. Nimewaomba waandaaji wawaandikie washiriki wa awali, na wameniambia wamefanya hivyo.

Upande wa sheria kwa jumla ulipewa dakika 40 za alasiri ya mwisho, wakati watu wameshaanza kutazama saa. Hazitoshi. Msimamizi wa Kenya anapaswa kuijua mipaka ya usuluhishi wake. Kifungu cha 41 cha sheria hiyohiyo kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, akiwepo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua, na asikilize hoja zake. Nimeona wasimamizi wanaolianza jambo kama suluhu, wanamhimiza mtu afungue moyo, kisha maneno aliyoyasema kwa kuaminiana yanatokea katika barua ya kumfukuza. Baada ya hapo hakuna mtu katika ofisi ile atakayefungua tena kinywa. Mkufunzi alipaswa kulisema hili siku ya kwanza: kabla hujamketisha mtu, jua kama unamketisha ili mpatane au unamketisha kwa nidhamu, na umwambie. Mambo yakishindikana ndani, Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inaruhusu mzozo uripotiwe ili ateuliwe mpatanishi, na usipotatuliwa unaweza kufika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo chake hapa Mombasa. Kujua kwamba mlango huo upo humfanya msimamizi awe mwangalifu zaidi katika kikao chake kidogo.

Chakula kilikuwa kizuri, sitakirefusha: mahamri na mbaazi asubuhi, wali wa nazi na samaki wa kupaka mchana, na hakuna aliyeshinda njaa. Ukumbi ulikuwa na joto siku ya pili feni zilipozimika kwa umeme kukatika.

Sasa nieleze yaliyotokea niliporudi kazini, maana hiyo ndiyo tathmini ninayoiamini.

Nilianza na mzee. Sikumwita ofisini kwangu, kwa kuwa kuitwa na msimamizi kwa mtu wa umri wake kuna uzito wake, nami ni mdogo kwake kwa miaka mingi. Nilimngoja alasiri aliporudi kutoka bandarini, nikakaa naye kwenye benchi la nje, chini ya mwarobaini, nikamwambia: "Mzee wangu, nataka unisimulie lile jambo la makatoni tangu mwanzo. Sikuja kuamua." Alichukua muda. Alizungumza kwanza juu ya jua, juu ya foleni ya malori, juu ya kijana mmoja wa getini. Nilijizuia. Kisha akasema: "Mwanangu, makatoni hayaniumi. Kukosea nimekosea mara ngapi, na nimekosolewa mara ngapi. Lakini yule mtoto alipiga picha karatasi yangu, akaitia kwenye lile kundi la simu, na madereva wamo, na mteja yumo, akaandika: someni wenyewe. Mwandiko wangu ukachekwa na watoto wa madereva." Nilimrudishia: "Kwa hivyo lililokuuma ni kuwekwa hadharani." Akaitikia kwa kichwa, akavua kofia, akaifuta, akaivaa tena.

Ilikuwa mara ya kwanza mimi kulisikia jambo hilo, ingawa nimo katika kundi lile la WhatsApp na picha ile niliiona siku ilipotumwa. Niliiona nikadhani ni kazi. Nami kwa kuwaita mbele ya wenzao nilikuwa nimemfanyia vilevile.

Kesho yake nilikaa na binti, baada ya wenzake kwenda kula. Yeye alikuja na daftari. "Dada, angalia saa," akaniambia, akanionyesha alivyokuwa akiandika kila faili limefika mezani kwake saa ngapi. Karatasi ambazo mzee aliwapa wenzake wa kiume ziliwafikia asubuhi. Zake yeye zilimfikia saa 10 kasoro, saa 10 na robo, siku nyingine saa 10 na nusu, na mteja anataka hati iingie siku hiyohiyo. "Anawapa wale kwanza. Mimi ananiita mtoto, nami nina shahada na miaka 6 ya kazi. Nikiuliza mwandiko, ananiambia waulize wenzio. Nimeuliza mara ya mwisho nikachekwa. Ile picha niliitia pale kwa sababu nilitaka mtu mmoja tu aone kwamba si mimi." Alipomaliza alikuwa analia, na sikumkatiza.

Nilikuwa na dirisha na jiko la nyuma mbele yangu. Wote wawili walikuwa wanalilia jambo moja, kuheshimiwa mbele ya watu, na katikati yao kulikuwa na utaratibu mbovu ambao ni kazi yangu mimi kuurekebisha: hapakuwa na saa ya mwisho ya kukabidhi karatasi, hapakuwa na mahali pa kuhakiki nambari, na masahihisho yote yalikuwa yakifanyika katika kundi ambalo wateja wamo.

Nilipowakutanisha, wiki moja baadaye, tulikuwa watatu tu na mlango umefungwa. Nilianza kwa kuomba radhi kwa kile kikao changu cha mikono. Kisha niliwaomba kila mmoja aseme jambo moja tu alilolihitaji ili kazi iende. Mzee alisema kosa lake aambiwe yeye kwanza. Binti alisema karatasi zimfikie kabla ya saa 6 mchana, na aitwe kwa jina lake. Hayo yalikubaliwa kwa dakika chache. Lililochukua muda ni picha ile, kwa sababu binti alikuwa tayari kuifuta lakini mzee alitaka itajwe, naye kutajwa kwake kulimwonekea binti kama kusutwa. Hapo sikuwa na jibu, na kijitabu hakikuwa na jibu. Baadaye binti mwenyewe alisema ataandika kwenye kundi lilelile kwamba ofisi haikuihakiki hati ile ipasavyo, bila ya kumtaja mtu. Mzee akasema inatosha. Ujumbe wenyewe ulikuwa wa mstari mmoja, nami nikaandika chini yake kwamba jukumu ni langu.

Miezi 3 imepita. Si marafiki, na sikuwataka wawe marafiki. Mzee humwita kwa jina, na akisahau humtanguliza "bi." Karatasi huhakikiwa na wote wawili kabla ya kuwasilishwa, nambari zikisomwa kwa sauti, tarakimu moja moja. Mwezi uliopita walikamata kosa la uzito kabla halijatoka ofisini.

Nusu siku ya marejeo, iliyofanyika mwisho wa Machi, ilihudhuriwa na 13 kati yetu, na ninawasikitikia waliokosa. Tulileta visa vyetu na matokeo yake, yakiwemo yaliyoharibika. Yule msimamizi wa jikoni alikuwa ametengenezesha bomba na kuzifuta zile barua za onyo, na wapishi wake bado wanagombana, sasa juu ya zamu za sikukuu. Mwalimu mkuu msaidizi alijaribu kumsikiliza kila mmoja peke yake, akaonekana anabeba maneno huku na huku, na ikamlazimu kuanza upya kwa kuwaeleza wote wawili mapema kwamba atakaa na kila mmoja. Hilo la kutangaza mapema halikuwemo katika mafunzo, na mkufunzi aliliandika.

Kwa hivyo ninayapendekeza mafunzo haya kwa mtu anayesimamia watu kati ya 5 na 30, hasa aliyepanda cheo kwa ustadi wa kazi bila ya kufundishwa uongozi, ambao ndio wengi wetu. Kwa ofisa wa rasilimali watu mwenye uzoefu, siku ya pili tu ndiyo itakayomwongezea kitu, na ada ni kubwa kwa siku moja. Kwa anayetafuta elimu ya sheria ya kazi, atafute pengine. Waandaaji wameniambia hojaji ya Kiswahili inaandaliwa na kwamba sheria itapewa asubuhi nzima. Hayo nitayaamini nitakapoyaona, na nitayaona, kwa kuwa nimemlipia msaidizi wangu awamu ya Agosti.

Atakayekwenda achukue ugomvi mmoja wa kweli kutoka kazini kwake, autayarishe kwa tarehe na maneno yaliyosemwa, na afiche majina. Malipo hupokelewa kwa simu na risiti hutolewa siku hiyohiyo. Anayevuka kutoka Likoni aondoke nyumbani kabla ya saa 12 na nusu asubuhi, kwa sababu wanaanza saa 2 kamili na mlango hufungwa.